Askari wa Kaskazini Ambao Shule Zimewasahau

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia nidhamu ya kambini, usalama wa raia, na wajibu wa mwenye bunduki kwa asiyekuwa nayo. Leo tunawaomba ndugu zetu wa jeshi na wa polisi watuvumilie kidogo, kwa maana tutawapeleka mbali, hata kwenye nchi za theluji, katika karne ambazo wengi wetu hatukusomeshwa. Anayedhani kwamba tumeacha kazi yetu na kujifanya walimu wa historia, na asome kwanza ndipo atuhukumu.

Tulipokuwa kadeti, mkufunzi mmoja wa historia ya vita alitupitisha katika vita vya dunia nzima kwa muda wa majuma machache. Tulikaa siku mbili na Hannibal na siku tatu na Napoleon. Alipofika kwa watu wa Skandinavia wa zama za kati, yaani wenyeji wa Denmark, Norwei, Uswidi na Iceland, alichora ubaoni kofia ya chuma yenye pembe mbili za ng'ombe, akaandika chini yake neno moja, "Maharamia", kisha akafuta ubao. Mambo yote hayo yalichukua muda usiotosha kuvuta sigara. Kadeti mmoja akasimama, akauliza, "Afande, watu hao walikwenda wapi baadaye?" Akajibiwa kwamba jambo hilo halimo katika mtihani.

Hatumlaumu mkufunzi yule. Alifundisha alichofundishwa. Sisi wenyewe, tuliposoma historia ya Ulaya katika kidato cha tano na cha sita, tulianzia mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, kana kwamba kabla ya mwaka huo Ulaya ilikuwa msitu mtupu. Wala kosa hili si la shule zetu peke yake. Mtaala wa shule za msingi uliotolewa Uingereza mwaka 2013 unawafundisha watoto mapambano ya Waviking na Waanglo-Saksoni hadi enzi ya mfalme Edward the Confessor, aliyefariki mwaka 1066. Hapo ndipo pazia linapofungwa. Mtoto wa Kiingereza anaweza kumaliza masomo yake yote akiamini kwamba watu wa Kaskazini walizaliwa mwaka 793, siku walipoivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, wakafa wote mwaka 1066, mfalme wao Harald Hardrada alipouawa katika mapigano ya Stamford Bridge.

Tuanze na zile pembe, maana ndizo zilizobaki kichwani mwa kila mwanafunzi. Hakuna kofia yoyote ya vita ya Waviking iliyopata kuchimbuliwa ikiwa na pembe. Kofia inayojulikana zaidi ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, nayo ni bakuli la chuma lenye kinga ya macho mfano wa miwani. Kofia zenye pembe zilizopatikana Veksø, Denmark, mwaka 1942 ni za shaba nyeusi, tena zina umri uliowatangulia Waviking kwa zaidi ya miaka 1,500. Pembe tunazozijua sisi zilienea kutokana na mavazi yaliyobuniwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya kuimbwa ya Richard Wagner, iliyoonyeshwa mjini Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kwa hiyo, kile kidogo ambacho mkufunzi wetu alipata nafasi ya kutufundisha kilitoka katika sanduku la nguo za waigizaji.

Wako watakaouliza kwa nini historia hii ilitupwa. Sisi tunaona sababu ya kwanza ni nyepesi. Mtu wa Kaskazini huonekana katika vitabu vya majirani zake siku ile tu anapovunja mlango wao. Watawa wa Uingereza na wa Ufaransa ndio walioporwa, na hao hao ndio waliokuwa na kalamu. Waskandinavia walipokuja kuandika vitabu vyao wenyewe, hasa katika karne ya 12 na ya 13, wengi wao waliandika kwa lugha ya nyumbani wala si kwa Kilatini, na wanachuoni wa nchi kubwa za Ulaya hawakuona haja ya kujifunza lugha hiyo. Mwafrika hahitaji kuelezwa zaidi jambo hili.

Sababu ya pili ni ya aibu zaidi. Wanazi wa Ujerumani waliichukua historia hiyo wakaifanya bendera ya ubaguzi wa rangi. Hata divisheni moja ya jeshi lao la SS iliyoundwa mwaka 1940 iliitwa Wiking. Hatushangai ikiwa baada ya mwaka 1945 walimu wengi waliona heri wapite hapo upesi. Lakini kuikimbia historia kwa sababu mwovu aliitumia ni sawa na kumwachia mwizi nyumba.

Wala hatukusudii kuwapamba watu hao. Waviking walikuwa wanyang'anyi kweli, tena walikuwa wafanyabiashara wa watumwa. Mji wa Dublin, ambao wao ndio walioukuza, ulikuwa soko kubwa la binadamu. Fedha za Waarabu zilizochimbuliwa katika kisiwa cha Gotland kule Uswidi ni nyingi mno: hazina moja iliyopatikana Spillings mwaka 1999 ilikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, na wataalamu wanakubali kwamba sehemu ya utajiri wa namna hiyo ilitokana na kuuza watu. Sisi ambao bibi na babu zetu walifungwa minyororo wakapelekwa pwani hatuwezi kulipamba jambo hilo. Tunaloshangaa ni kwamba shule zinazotaja utumwa wa Waviking hazitaji namna utumwa huo ulivyozuiwa. Mwaka 1335, mjini Skara, mfalme Magnus Eriksson wa Uswidi alitoa amri kwamba katika majimbo ya Västergötland na Värend mtoto aliyezaliwa na wazazi Wakristo asiwe mtumwa tena. Mwanafunzi akisikia nusu ya kwanza bila ya pili amepewa hadithi, hakupewa historia.

Sasa tuje kwenye lile linalotuhusu sisi wavaa sare.

Miaka kadhaa baadaye tulihudhuria kozi fupi pamoja na maofisa wa nchi za Kaskazini. Jambo hili si geni katika eneo letu: askari wa Uswidi walikuwa Kongo na jeshi la Umoja wa Mataifa kati ya mwaka 1960 na 1964, na maofisa wa nchi hizo wamekuwa washauri wa Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki. Jioni moja tulimtania mwenzetu mmoja wa Norwei kwa kumwuliza pembe zake ameziacha wapi. Alicheka kwa adabu, kisha akatusimulia juu ya askari wawili na mtoto mchanga. Tulikwenda kutafuta vitabu, tukaona kwamba aliyotuambia yameandikwa, na kwamba ni sehemu ndogo tu ya jambo kubwa.

Norwei ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1130 hadi mwaka 1240. Hesabu, ndugu msomaji: ni miaka 110. Kisa chake tunakijua sana sisi wa Afrika, maana hakukuwa na sheria iliyo wazi ya kurithi madaraka. Mtoto yeyote wa mfalme, awe wa ndoa au wa nje, aliweza kudai kiti, na kila mdai alipata watu wa kumpigania. Kundi moja la wapiganaji lilikuwa maskini kiasi kwamba walifunga miguu yao kwa magome ya miti badala ya viatu, ndiyo maana wakaitwa Birkebeiner, yaani watu wenye miguu ya magome. Lilikuwa jina la kejeli. Kundi hilo la msituni lilimpata kiongozi, Sverre, aliyetoka katika visiwa vya Faroe mwaka 1177, na mwaka 1184 likamshinda na kumwua mfalme Magnus Erlingsson katika vita vya majini vya Fimreite. Watu wa msituni wakawa serikali.

Hapo ndipo Sverre alipokutana na shida ambayo kila jeshi lililoshinda hukutana nayo: wapiganaji wake walikuwa hawajui kuishi bila vita. Mnamo mwaka 1186 mjini Bergen, divai iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kijerumani ilikuwa nyingi na rahisi kama pombe ya shayiri. Watu wakalewa, wakagombana, damu ikamwagika. Mfalme aliita mkutano akatoa hotuba ambayo kila mkuu wa kambi angefaa kuisoma. Aliwashukuru wageni waliowaletea ngano, asali na nguo, akawalaumu walioleta ulevi na kuondoka na siagi na samaki wakavu wa nchi. Kisha akaeleza hasara za ulevi moja baada ya nyingine, tangu mali hadi akili na roho. Mwisho akawageukia askari wake, akawaambia kwamba mwanajeshi anapaswa kuwa mpole wakati wa amani, ukali wake autunzie wakati wa vita.

Tunaijua hotuba hiyo kwa sababu habari za Sverre ziliandikwa na Karl Jónsson, mkuu wa watawa kutoka Iceland, na sehemu ya kwanza ya kitabu hicho iliandikwa mfalme mwenyewe akiwa amekaa karibu, akisema nini kiandikwe. Sisi wa idara ya uhusiano tunamtambua mwenzetu. Kwa hiyo tunakisoma kitabu hicho kwa jicho moja likiwa wazi zaidi, kama vile tunavyomtaka msomaji atusome sisi.

Sverre alifariki mwaka 1202 na vita vikaendelea. Wapinzani wao, walioitwa Bagler, walishika sehemu ya mashariki ya nchi, na huko ndiko alikozaliwa mwaka 1204 mjukuu wa Sverre, aliyeitwa Håkon. Mtoto huyo angejulikana na maadui asingeishi juma moja. Katika majira ya baridi ya mwaka 1206, Birkebeiner waliamua kumtoa Lillehammer na kumvusha milima hadi bonde la Østerdalen, ili afike kaskazini kwa mfalme wao Inge mjini Nidaros, ambao leo unaitwa Trondheim. Dhoruba ya theluji iliwakuta njiani. Waliwachagua watu wawili waliokuwa hodari kuliko wote kwa kutelezea vibao virefu juu ya theluji, Torstein Skevla na Skjervald Skrukka, wakatangulia na mtoto.

Tunaomba askari wetu wafikiri kidogo juu ya picha hiyo. Watu ambao kazi yao ilikuwa kuua, wenye njaa, katika baridi inayoweza kumgandisha mtu akiwa amesimama, silaha yao kubwa siku ile ilikuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyefungwa kifuani. Wala hawakuwa na hakika kwamba atakuwa mfalme mwema, au hata kwamba ataishi.

Aliishi. Akawa mfalme mwaka 1217 akiwa na miaka 13. Mwaka uliofuata mama yake, Inga wa Varteig, ilimbidi kushika chuma cha moto mbele ya watu ili kuthibitisha kwamba mwanawe ni wa ukoo wa Sverre, maana hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya ushahidi. Mwaka 1240 mpinzani wa mwisho, Skule, aliuawa, na vita vya miaka 110 vikakoma. Håkon hakuwa malaika. Mwaka 1241 mwandishi mkubwa wa Iceland, Snorri Sturluson, aliuawa ndani ya nyumba yake huko Reykholt na watu waliopewa amri na mfalme huyo ya kumrudisha Norwei au kumwua. Tunalitaja kusudi, ili msomaji asidhani kwamba tumebadili kofia za pembe kwa taji za watakatifu.

Katika enzi ya Håkon kiliandikwa Norwei kitabu kiitwacho Konungs skuggsjá, yaani Kioo cha Mfalme. Ni mazungumzo ya baba na mwanawe. Mwana anauliza, baba anajibu: juu ya biashara, bahari, nyangumi, adabu za ikulu, na kwa urefu mkubwa juu ya kazi ya askari. Humo mna mazoezi ya kila siku kwa silaha nzito, vita vya majini, mitambo ya kuvunja ngome, na namna ya kusimama mbele ya mkubwa. Kijana anashauriwa ajifunze lugha za kigeni, Kilatini na Kifaransa mbele ya nyingine, lakini asiidharau lugha ya kwao. Ushauri huo tungeufurahia hata kama usingetoka kwa askari, sisi tunaoandika katika ukurasa huu wa Kiswahili.

Kitabu hicho kinaeleza pia aina moja ya watumishi wa mfalme ambao ndugu zetu wa polisi watawatambua mara moja. Waliitwa gestir, maana yake wageni. Kazi yao ilikuwa kuzunguka nchini, kuwatafuta maadui wa mfalme na kupeleleza. Waliitwa wageni, kitabu kinasema, kwa kuwa walitembelea nyumba nyingi na si kila mara kwa nia ya urafiki. Mshahara wao ulikuwa nusu ya ule wa askari wa ikulu. Walipokamata mali ya adui waliruhusiwa kuchukua walichoweza kubeba, isipokuwa dhahabu, ambayo ilikuwa ya mfalme. Afisa wa polisi akisoma habari za nusu mshahara na ruhusa ya kubeba mali ya mtu, bila shaka ataona hatari iliyojificha hapo bila kuhitaji mwalimu.

Mwana wa Håkon, Magnus, alitawala tangu mwaka 1263 hadi mwaka 1280, na Wanorwei wanamwita Lagabøte, Mrekebishaji wa Sheria. Jambo lake la kwanza lilikuwa kumaliza vita na Waskoti ambavyo baba yake alifariki akiwa navyo. Kwa mkataba wa Perth wa mwaka 1266 aliviacha visiwa vya Hebrides na Man kwa malipo ya fedha, akarudi nyumbani kufanya kazi. Mwaka 1274 alitoa sheria moja kwa nchi nzima, mahali pa sheria za majimbo zilizotangulia. Nchi zenye sheria moja namna hiyo zilikuwa chache mno Ulaya wakati ule, nayo ilidumu hadi karne ya 17.

Mambo mawili ya sheria hiyo hayatutoki akilini. La kwanza ni kwamba mtu asiyeweza kupata kazi, akiiba chakula ili kuokoa maisha yake kwa njaa, hakupaswa kuadhibiwa. La pili ni kwamba hakimu alitakiwa, kabla ya kutoa hukumu, kuwakalisha pamoja dada wanne: huruma, ukweli, haki na amani, ili mmoja wao asiwanyamazishe wengine. Maneno hayo yaliandikwa kwa watu ambao babu zao walikuwa wakichomeana nyumba. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1270 ikaandikwa Hirdskrå, sheria ya askari wa mfalme wenyewe: kiapo chao, vyeo vyao, zamu zao, mgawanyo wa ngawira. Mwenye upanga naye akaandikiwa kurasa zake.

Ni kweli kwamba mizizi ya nidhamu hiyo ilianza zamani. Sheria ya kale ya Gulating, upande wa magharibi wa Norwei, iligawanya pwani katika sehemu, kila sehemu ikatakiwa kutoa mashua ya vita na watu wake. Utaratibu huo uliitwa leidang. Kila mwanamume huru alitakiwa awe na ngao, mkuki, na upanga au shoka, na kila mwaka palikuwa na ukaguzi wa silaha. Kila ubao wa wapiga makasia ulitakiwa uwe na upinde mmoja na mishale 24. Aliyekosa alitozwa faini. Askari wetu wanaonung'unika siku ya ukaguzi wajue kwamba manung'uniko yao yana umri wa karibu miaka elfu moja. Na wahandisi wa jeshi wangependa kuziona ngome za Denmark zilizojengwa wakati wa mfalme Harald Bluetooth. Ngome ya Trelleborg, ambayo miti yake ilikatwa mwaka 980 na 981, ni duara kamili lenye kipenyo cha ndani cha mita 136 hivi, milango minne, na nyumba kubwa 16 zilizopangwa nne nne kama kikosi kilicho kwenye gwaride. Ngome tano za namna hiyo ziliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2023. Maharamia wasio na mpango hawajengi hivyo.

Liko pia somo la upande wa pili, nalo linatoka Iceland. Watu wa kisiwa hicho walianzisha baraza la nchi nzima, Althing, mwaka 930. Walikuwa na sheria nyingi, na msema-sheria aliyezikariri kwa moyo mbele ya baraza, theluthi moja kila mwaka, hata zikaisha katika miaka mitatu. Hawakuwa na mfalme. Hawakuwa na jeshi. Na hili ndilo la ajabu: hawakuwa na askari hata mmoja wa kutekeleza hukumu. Mtu aliyeshinda kesi aliondoka na hukumu mkononi, kisha kazi ya kuitekeleza ikawa juu yake na jamaa zake. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda kwa sababu hakuna mkubwa aliyewazidi wenzake sana. Lakini koo chache zilipokusanya mali na wafuasi katika karne ya 13, sheria ilibaki maneno matupu. Katika mapigano ya Haugsnes mwaka 1246 waliuawa watu zaidi ya 100, idadi ya kutisha katika kisiwa chenye watu wachache. Kati ya mwaka 1262 na 1264 waliinama chini ya mfalme wa Norwei ili wapate amani.

Norwei ya miaka 110 ilikuwa na watu wenye silaha wasiokuwa na sheria. Iceland ilikuwa na sheria isiyokuwa na askari. Hatujui darasa bora zaidi kwa kadeti au kuruta wa polisi kuliko kuziweka nchi hizo mbili kwenye ubao mmoja, siku moja, na kumwuliza kila mmoja angependa mama yake aishi wapi. Hapo ndipo shule zinapotukosesha. Zinamwonyesha kijana Mviking akiwa na shoka, zinamwacha palepale, naye anaondoka akidhani kwamba nguvu ni kuogopwa. Hajui kwamba wajukuu wa watu hao hao waliliona shoka limeshindwa kuwapa usingizi, wakakaa chini kuandika.

Tumekwisha kusikia pingamizi. Afisa mmoja tunayemheshimu alituambia, "Historia yetu wenyewe haijafundishwa vya kutosha, ninyi mnatuletea ya Norwei." Tunakubali nusu ya maneno yake. Historia ya Bunyoro, ya Kilwa, ya Kongo na ya Rwanda ifundishwe kwanza, tena na watu wanaoipenda. Lakini shule zetu tayari zinafundisha historia ya Ulaya. Saa hizo zimekwisha kutengwa. Tunachouliza ni kwa nini saa zote wapewe Napoleon na Bismarck, watu waliokuwa na majeshi makubwa, na isipatikane hata saa moja ya nchi ndogo na maskini iliyotoka vitani kwa taabu yake yenyewe. Nchi zetu zinafanana na ipi kati ya hizo? Katika eneo hili la Maziwa Makuu wako wazee ambao hadi leo wakisikia lori la kijeshi linasimama usiku nje ya nyumba, hawasemi neno hata liondoke. Sisi ambao kazi yetu ni kuwazoeza raia na jeshi lao tunawafahamu, na tumekaa nao. Mzee wa namna hiyo haponywi na kijitabu cha idara yetu chenye picha za rangi.

Hata historia ya mbali ina nyuzi zinazotufikia. Waskandinavia waliohamia Greenland karibu na mwaka 985 waliishi kwa kuuza Ulaya meno ya mnyama wa bahari ya baridi aitwaye walrasi. Baadhi ya wataalamu wanaona kwamba meno ya tembo wa Afrika yalipofika kwa wingi katika masoko ya Ulaya tangu karne ya 13, meno ya walrasi yalipoteza thamani, na hiyo ikawa moja ya sababu za kuporomoka kwa vijiji vile. Habari za mwisho za maandishi kutoka huko ni za arusi iliyofungwa katika kanisa la Hvalsey mwaka 1408. Mwindaji wa Afrika hakujua kwamba kuna mtu anaitwa Mgreenland. Lakini mwalimu mwenye bidii angeweza kuanza somo lake hapo, kwenye jino la tembo, na darasa zima likasikiliza.

Yako mengine mengi tunayoyaacha, kama vile Muungano wa Kalmar uliowaweka Wadenmark, Wanorwei na Waswidi chini ya taji moja tangu mwaka 1397 hadi mwaka 1523, na tauni ya mwaka 1349 iliyoua pengine zaidi ya nusu ya watu wa Norwei na kulidhoofisha taifa lile kwa vizazi. Nafasi ya gazeti ina mpaka.

Tunalopendekeza ni dogo. Katika vyuo vyetu vya kadeti na vya polisi, somo la historia ya vita liongezwe vipindi viwili: kimoja cha vita vya Norwei na sheria ya mwaka 1274, kingine cha Iceland. Mwongozo wa mwalimu hautazidi kurasa kumi. Sisi tuko tayari kuuandika kwa Kiswahili bila malipo, na tayari tumeanza. Ndugu zetu wa polisi wangeweza kuanza na beji ya wenzao wa Iceland, nchi ambayo hata leo haina jeshi la kudumu. Beji hiyo ina maneno yenye wazo linalopatikana pia katika dibaji ya sheria ya Jutland iliyotolewa na mfalme Valdemar wa Denmark mwaka 1241, kwamba kinachoijenga nchi ni sheria.

Na huko Norwei, tangu mwaka 1932, yako mashindano ya kuteleza juu ya theluji, kilomita 54 kutoka Rena hadi Lillehammer, kuvuka milima ile ile. Hufanywa mwezi wa Machi. Kila mshindani hubeba mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5, na mzigo wake hupimwa. Mzigo huo ni ukumbusho wa mtoto yule.